Sigara baa: marufuku kamili, chumba cha wavutaji, au mwenye baa aamue?

Mteja wa kawaida hukaa baa saa mbili, tatu, akizidi sana nne. Mhudumu anayemletea bia huingia kazini saa kumi jioni na kutoka usiku mkubwa, siku sita kwa wiki, na mwenzake wa kaunta ni hivyo hivyo. Lakini mjadala wa kupiga marufuku sigara kwenye baa na migahawa ukiibuka, wanaosikika ni wengine kabisa: mwenye baa anayehofia mauzo, mvutaji anayesema naye amelipia kiti chake, na mteja asiyevuta anayelalamika kwamba shati lake linanuka mpaka kesho yake. Wote wana hoja na nitazigusa. Ila katika kulinganisha kanuni zilizopo naanza na yule anayezunguka na sinia, kwa sababu ndiye anayekaa muda mrefu zaidi ndani ya moshi, na ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuukataa.

Duniani zimejaribiwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni kumwachia mwenye biashara: anayetaka aruhusu, anayetaka akataze, mteja ajichagulie mlango wa kuingia. Ya pili ni kukataza ukumbini lakini kuruhusu chumba au eneo lililotengwa. Hii ndiyo njia ya Kenya tangu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipoanza kutumika Julai 2008, na sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inaelekea huko huko: inakataza kuvuta katika maeneo ya umma, kisha inaacha nafasi ya eneo maalumu la wavutaji. Ya tatu ni marufuku kamili ndani ya jengo, bila chumba wala kona. Uganda ilichagua hiyo kwa sheria yake ya 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016, ikaongeza na umbali wa mita 50 kutoka mahali pa umma.

Nchi zote tatu zimeridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, Kenya mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama kuwakinga watu na moshi wa tumbaku kazini na katika maeneo ya umma ya ndani. Kwa hiyo swali la kama watu wakingwe limeshajibiwa. Lililobaki ni namna.

Kilichomo hewani

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Mkuu wa huduma za afya ya umma wa Marekani alitoa ripoti kubwa mwaka 2006 iliyokusanya ushahidi wa miongo mingi: mtu asiyevuta anayeishi au kufanya kazi kwenye moshi wa wengine huongezewa hatari ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25 hadi 30, na ya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 hadi 30. Ripoti hiyo hiyo ilisema hakuna kiwango cha moshi kilicho salama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine.

Takwimu hizi zilipata sura nchini Kanada kupitia mwanamke aliyeitwa Heather Crowe. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja migahawani kwa takriban miaka 40. Hakuwahi kuvuta sigara. Mwaka 2002 aliambiwa ana saratani ya mapafu, na bodi ya fidia ya wafanyakazi ya jimbo la Ontario ikakubali kwamba ugonjwa ulitokana na kazi. Nguvu zilizombakia alizitumia kuzunguka nchi yake akieleza yaliyompata. Alifariki Mei 22, 2006. Siku tisa baadaye, Mei 31, sheria ya Ontario ya kuondoa moshi kwenye sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, ilianza kutumika.

Jambo linalonigusa katika habari ya Crowe ni kwamba moshi huo huo huleta pia dalili ndogo ambazo kila mhudumu wa baa anazijua: kikohozi cha asubuhi, macho yanayowasha, koo linalokwaruza. Na dalili hizo huondoka upesi hewa ikisafishwa. Baa za California zilipokatazwa sigara Januari 1998, watafiti wa San Francisco walikuwa wameshawapima wahudumu wa kaunta 53 kabla ya sheria. Waliokuwa na dalili za njia ya hewa walikuwa 39, na baada ya sheria 23 kati yao hawakuwa nazo tena. Dundee, Scotland, ilikuwa hivyo hivyo mwaka 2006: kabla ya sheria karibu wahudumu wanane kati ya kumi walikuwa na dalili, na mwezi mmoja baadaye walikuwa wamebaki kama nusu.

Mwenye baa aamue

Njia hii inavutia kwa maneno. Inaheshimu mali ya mtu, haihitaji mkaguzi, na inaonekana kumpa kila mteja mahali pake. Hispania iliijaribu kwa dhati. Sheria yao iliyoanza Januari 2006 ilisema baa au mgahawa wenye eneo chini ya mita za mraba 100 uchague wenyewe kuruhusu sigara au kukataza, na ubandike tangazo mlangoni. Iliyotarajiwa ni mchanganyiko: hizi za wavutaji, zile za wasiovuta. Kilichotokea ni kwamba idadi kubwa mno ya baa ndogo zilichagua kuruhusu. Aliyetaka kunywa kahawa yake bila moshi hakuwa na pa kwenda mtaani kwake. Januari 2, 2011 Hispania iliachana na mpango huo na kukataza sigara ndani ya baa na migahawa yote.

Sababu inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuuza bia. Katika meza ya watu sita, mvutaji akiwa mmoja tu, huyo mmoja anaweza kuihamisha meza nzima kwenda baa ya jirani. Mwenye baa anajua hivyo, na jirani yake anajua hivyo pia. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, basi wote wanaruhusu, hata wale ambao wenyewe wanauchukia moshi. Hofu hiyo haiwezi kuondolewa na mwenye baa mmoja mmoja. Huondoka pale tu kanuni inapowabana wote usiku mmoja.

Halafu kuna huyo mhudumu. Wanaosema "asiyetaka moshi asifanye kazi hapo" wajiulize ni wangapi wana kazi mbili mkononi za kuchagulia. Dada aliyetoka Singida au Kitui kuja mjini kutafuta riziki, akapata kazi ya baa yenye mshahara mdogo na bakshishi, hachagui baa kwa hewa yake. Kumwachia mwenye baa aamue ni kumwamulia mhudumu bila kumuuliza. Kwangu njia hii imekwisha hapo.

Chumba cha wavutaji

Hapa ndipo penye ubishi wa kweli, kwa sababu chumba kinaonekana kuwa suluhu ya waungwana: mvutaji anabaki ndani, asiyevuta anapumua, biashara inaendelea. Ndiyo njia ambayo sheria ya Kenya inairuhusu, kwa masharti kwamba eneo litengwe na moshi usiwafikie wengine. Anayevuta nje ya eneo hilo anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi za Kenya 50,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Ni adhabu nzito, na wakazi wengi wa Nairobi walizoea haraka kutovuta ovyo barabarani. Ndani ya baa na klabu hali imekuwa ngumu zaidi, na chanzo chake ni lile eneo maalumu lenyewe.

Tuanze na hewa. Moshi wa sigara ni gesi pamoja na chembe ndogo sana, ndogo kuliko zile ambazo vichujio vya kawaida hushika. Pangaboi halitoi moshi, linauzungusha. Kiyoyozi cha ukutani nacho huvuta hewa ile ile ya chumbani, huipoza na kuirudisha; hakileti hewa mpya kutoka nje. Feni ya kutolea hewa husaidia kiasi, lakini kila mlango unapofunguliwa moshi hutoka na anayetoka. Mwaka 2005 chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi na mifumo ya hewa, ASHRAE, kilitoa msimamo kwamba njia pekee ya kuondoa kwa ufanisi hatari ya moshi ndani ya jengo ni kutovuta ndani yake. Hao ndio watu ambao kazi yao ni kusimamia mifumo hiyo. Wangekuwa na faida kusema vingine.

Je, chumba kizuri kweli hakiwezekani? Italia ilijaribu kukieleza kitaalamu ilipokataza sigara kwenye baa na migahawa Januari 2005. Chumba kilitakiwa kiwe na kuta nzima pande zote, mlango unaojifunga wenyewe, hewa safi ya lita 30 kwa sekunde kwa kila mtu aliyemo, na msukumo wa hewa wa chini kuliko vyumba vya jirani ili moshi usivuje. Kisizidi nusu ya eneo la biashara, na kisiwe njia ya kupitia wateja wengine. Wenye baa walipopiga hesabu, wachache sana walijenga. Wengi waliona ni nafuu kuwaambia wateja watoke nje.

Nadhani hapo ndipo lilipo jibu la chumba. Kikijengwa kwa vipimo vinavyofanya kazi, gharama yake inawashinda wengi. Kikijengwa kwa gharama ambayo wengi wanaimudu, hakifanyi kazi. Kwa mazingira yetu ongeza jambo moja ambalo Italia hawakulazimika kulifikiria sana: umeme. Unapokatika usiku wa Ijumaa na jenereta ikawashwa, mwenye baa atapeleka nguvu kwenye friji, taa na muziki. Feni ya chumba cha wavutaji itakuwa ya mwisho kukumbukwa, na mlango utaachwa wazi kwa ajili ya joto.

Na bado chumba kinahitaji mtu wa kuingia humo. Glasi zinakusanywa na nani? Visahani vya majivu vinamwagwa na nani? Mvutaji akiagiza bia nyingine, nani anaipeleka? Ni mhudumu yule yule, sasa katika chumba kidogo chenye moshi mzito kuliko ukumbi wowote.

Lipo pia suala la haki baina ya wenye baa. Ujerumani lilifika mpaka Mahakama ya Katiba huko Karlsruhe. Majimbo yaliruhusu baa kubwa zijenge vyumba vya wavutaji, na baa ndogo za chumba kimoja, zilizokuwa zikitegemea wateja wavutaji, zikabaki bila njia. Julai 30, 2008 mahakama ilisema kanuni hiyo inawaonea wadogo. Haikusema marufuku ni mbaya. Ilisema ama wote wakatazwe, au wadogo nao wapewe nafuu. Majimbo mengi yalitoa nafuu, lakini Bavaria wananchi walipiga kura ya maoni Julai 4, 2010, na asilimia 61 wakachagua marufuku kamili.

Hebu lihamishie hilo Sinza au Manzese za Dar es Salaam, au Kayole ya Nairobi. Hoteli yenye ghorofa sita inaweza kujenga chumba cha vioo na feni zake. Grosari yenye meza nne na friji moja haiwezi. Kanuni ya chumba, inayoonekana laini na ya kati, kwa kweli inampa mkubwa kitu ambacho mdogo hawezi kukinunua.

Marufuku kamili ndani

Ireland ilikuwa nchi ya kwanza duniani kukataza sigara katika sehemu zote za kazi za ndani, baa zikiwemo, Machi 29, 2004. Waziri wa afya wakati huo alikuwa Micheál Martin. Wenye baa walipinga vikali. Ndani ya mwaka wa kwanza zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi zilizokaguliwa zilikuwa zinatii. Katika baa za Dublin zilizopimwa kabla na baada ya sheria, chembe laini za moshi hewani zilipungua kwa asilimia 83. 

Scotland ilifuata Machi 26, 2006. Katika mwaka uliofuata, wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la ghafla la moyo kwenye hospitali zilizofuatiliwa walipungua kwa asilimia 17. England, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaanza sheria yake, ilipungua kwa asilimia 4. Nafuu kubwa zaidi ilionekana kwa watu wasiovuta, jambo ambalo wengi hawakulitegemea, kwani fikra za kawaida ni kwamba sheria kama hii inamsaidia mvutaji kuacha.

Sasa pesa, kwa sababu mwenye baa amesubiri kwa subira. New York ilikataza sigara kwenye baa Machi 2003 chini ya meya Michael Bloomberg, na vilio vilikuwa vile vile. Mwaka mmoja baadaye jiji liliripoti kwamba makusanyo ya kodi kutoka baa na migahawa yamepanda kwa asilimia 8.7. Mwaka 2009 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilipitia tafiti za nchi nyingi na kuhitimisha kwamba sheria hizi hazishushi biashara ya baa na migahawa kwa ujumla. Ireland mauzo ya baa yalishuka, hilo ni kweli, lakini yalikuwa yameshaanza kushuka kabla ya sheria, watu wakizidi kunywa nyumbani. Sisemi kwamba hakuna baa hata moja iliyoumia. Baa ya wateja wachache wa kudumu, wote wavutaji, isiyo na ua wala kibaraza, inaweza kuyumba. Lakini ukiangalia sekta nzima, wanaokuja kwa sababu moshi umeondoka huwafidia wanaopungua.

Na kwetu hesabu iko upande huo zaidi kuliko ilivyokuwa Ulaya. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2018 ulionyesha kwamba watu wazima wanaotumia tumbaku ni asilimia 8.7. Kenya mwaka 2014 walikuwa asilimia 11.6. Wanaume ni wengi kuliko wastani huo, na baa ina wanaume wengi, hivyo mezani idadi itakuwa juu kidogo. Hata hivyo wasiovuta bado ni wengi, na kati yao wako wanawake na familia ambao mwenye mgahawa anawatamani sana kwa chakula cha Jumapili.

Wapo wanaomtaja mkulima wa tumbaku wa Urambo na Kaliua. Sehemu kubwa ya tumbaku ya Tanzania inauzwa nje ya nchi. Baa ya Mwenge ikikataza sigara ndani, bei ya mkulima huyo haitikisiki.

Baa isiyo na kuta

Sheria za Ulaya ziliandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako baa ni chumba kilichofungwa madirisha. Sehemu kubwa ya baa zetu ni bustani, banda la makuti, paa la bati juu ya nguzo, viti vya plastiki chini ya mwembe. Ndani ni wapi hapo? Swali hili huachwa wazi, na mwanya wote wa ukwepaji hupitia hapo: turubai linashushwa kwa mvua, upande wa tatu unafungwa kwa ajili ya kelele, na "bustani" inageuka ukumbi bila mtu kutangaza.

Chini ya paa la makuti lililo wazi pande zote moshi hutawanyika haraka, na hatari yake si sawa na ya ukumbi uliofungwa. Lakini anayekaa meza ya jirani upande unakoelekea upepo anavuta moshi kamili kwa muda wote sigara inapowaka. Ndiyo maana naiona mita 50 ya Uganda kama nia njema ambayo ni ngumu kuitekeleza mjini. Katikati ya Kampala, ukitoka mita 50 kutoka mlango wa baa hii umeshafika mlango wa nyingine. Kanuni ambayo mtu hawezi kuitii hata akitaka huwafundisha watu kuzoea kuivunja.

Ninachokipendekeza kwa baa za wazi ni kitu kidogo zaidi: penye paa hapavutwi, hata kama hakuna ukuta. Wavutaji wapewe sehemu ya ua isiyo na paa, mbali na jiko, mbali na kaunta, na isiyohudumiwa mezani. Mteja anachukua kinywaji chake mwenyewe au anakiacha. Mhudumu hapeleki kitu huko. Sharti hili la mwisho ndilo muhimu kuliko yote, na sijaona likitajwa vya kutosha.

Mtu ataniuliza kuhusu jiko la nyama choma. Moshi wa mkaa nao unadhuru, na anayeumia zaidi ni mchoma nyama mwenyewe. Ajengewe bomba la moshi na jiko liwekwe mahali ambapo upepo hauupeleki kwa wateja. Madhara ya moshi mmoja hayahalalishi mwingine, na mtu anayefanya kazi ukumbini na jikoni kwa zamu anavuta wote wawili.

Anayevuta naye ni mtu

Marufuku kamili ina gharama kwa mvutaji, na ni haki kuitaja. Sigara ni uraibu, na mtu mwenye uraibu hahitaji kudhalilishwa mbele ya meza nzima. Mhudumu afundishwe kusema "Kaka, samahani, sigara ni kule uani" kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mtu choo kiko wapi.

Kwa mwanamke anayevuta jambo ni zito zaidi. Kumtoa nje barabarani usiku ni kumweka machoni pa watu watakaomhukumu, na pengine mbele ya hatari halisi. Kinywaji alichokiacha mezani nacho kinaweza kutiwa kitu. Eneo la wavutaji likiwa ndani ya uzio wa baa, lenye taa, mahali ambapo mlinzi anaona, hatari hiyo inapungua sana. Kuwaambia watu "tokeni getini" ni uvivu wa mwenye baa, na majirani wa mtaa ndio wanaolipa kwa kelele za saa nane usiku.

Shisha naitaja kwa ufupi kwa sababu wengi huitoa kwenye hesabu kana kwamba ni mvuke wa matunda. Mkaa wake hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na kikao kimoja huchukua saa nzima au zaidi. Dar es Salaam ilitangaza kuipiga marufuku mwaka 2016, Rwanda na Kenya Desemba 2017, na sheria ya Uganda imeikataza moja kwa moja. Mwenye ukumbi anayekataza sigara lakini anakodisha shisha hajasafisha hewa.

Ukiwa ndiye mwenye uamuzi

Kama una grosari au baa ya chumba kimoja, usihangaike na chumba. Kataza ndani, weka benchi mbili uani au kibarazani pasipo na paa, na ondoa visahani vya majivu mezani siku hiyo hiyo. Kisahani kikibaki mezani kinamwambia mteja kwamba kibao cha ukutani hakina maana. Sigara za rejareja zinazouzwa kaunta, moja moja na kiberiti, nazo ziondoke. Ukimuuzia mtu sigara ukumbini atategemea kuiwasha ukumbini.

Baa ya bustani ina kazi rahisi kuliko zote. Gawa eneo kwa kufuata upepo wa jioni, sio kwa kufuata mahali penye nafasi iliyobaki. Pwani upepo hutoka baharini, na kona ya wavutaji ikiwa upande wa bahari utawavutisha wote.

Hoteli yenye wageni kutoka nje itaambiwa kwamba wageni watalalamika. Mgeni kutoka Dublin, Madrid au London ameshazoea kutoka nje kuvuta kwa miaka mingi. Atakayeshangaa ni yule atakayekuta moshi kwenye chumba cha chakula cha asubuhi. Kama chumba cha wavutaji kimeshajengwa na fedha zimeshaingia humo, kigeuzwe matumizi. Kikibaki kwa muda, basi kisihudumiwe kabisa, na usafi ufanyike baada ya hewa kutoka usiku kucha, kabla ya mfanyakazi kuingia.

Klabu ya usiku ndiyo ngumu. Kiza, muziki mkubwa, watu mia tatu, na mlinzi aliyeajiriwa kuzuia ugomvi ambaye hana muda wa sigara. Hapo ushauri wangu ni kwamba anayekumbusha asiwe mhudumu wa kike peke yake bali msimamizi wa zamu, na kwamba mtu akumbushwe mara moja kwa heshima, mara ya pili aombwe kutoka. Klabu ikisimamia hivyo mwezi mzima, wateja wanazoea wenyewe na kuanza kukumbushana.

Na kama nafasi yako si ya biashara bali ya kutoa maoni kuhusu sheria, nakushauri uombe marufuku kamili penye paa, na kifungu cha eneo maalumu la ndani kiondolewe badala ya kuwekewa masharti zaidi. Kampuni za tumbaku zitapinga. Kampuni ya sigara ya BAT (British American Tobacco) iliifikisha Kenya hadi Mahakama ya Juu kuhusu kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014 na ikashindwa Novemba 2019, na nchini Uganda ilishindwa kwenye Mahakama ya Katiba mwaka huo huo, kwa hiyo hoja zao za kisheria zimeshapimwa katika mahakama zetu wenyewe. Vikao vya maoni visifanyike saa tatu asubuhi tu, wakati watu wa baa ndiyo kwanza wamelala. Na faini kubwa imwangukie mwenye leseni kama ilivyo Ireland. Mvutaji mmoja akitozwa leo, kesho anakuja mwingine kwenye meza ile ile. Mwenye leseni akijua kwamba kila kipisi kinachookotwa chini ya paa lake kinahesabiwa siku ya kuihuisha leseni, atanunua kibao, atafundisha wafanyakazi wake, na ataweka taa uani bila kusubiri mkaguzi.